Boost ilipotea kwenye gari la marehemu kaka, nikashindwa kukata mpira

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kaka yangu mkubwa, Paluku, alifariki mwaka jana. Aliacha coupé moja nyekundu ya turbo, gari la milango miwili la kubebea maharusi. Sasa mjane wake, shemeji Masika, ndiye anayeiendesha, na ndiyo inayolisha watoto.

Basi, siku moja kwenye mlima wa kwenda Masereka gari likaanza kuhema tu. Gauge ya boost, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukumia injini, iliyokuwa inafika 0.8 ikawa inagota 0.3. Moshi mweusi nyuma, bibi harusi anakohoa ndani ya shela.

Fundi mmoja wa Beni alipima kwa mashine, ikaonyesha boost ndogo, akasema turbo imekufa. Wajomba waliposikia wakakaa kikao: gari liuzwe vipande vipande. Aliyepaza sauti zaidi hajui hata boneti inafungukia wapi. Nilikasirika, wakuu. Nikaomba muda hadi mwisho wa wiki.

Nilianza na rahisi. Filter ya hewa ilijaa vumbi letu, nikabadilisha, wapi. Nikatikisa mhimili wa turbo kwa vidole: hauchezi, mapanga yake mazima, kwa hiyo turbo haijafa.

Kuna waliosema ni hewa nyepesi ya milimani. Mbona zamani ilipanda milima hiyohiyo?

Nikabaki na wazo moja, hewa inavuja. Nikaziba njia ya kuingizia hewa, nikasukumia hewa ya compressor taratibu, nikapaka maji ya sabuni kwenye mabomba kama watu wanavyotafuta pancha.

Povu likatoka kwenye bomba la chini, linalotoka turbo kwenda intercooler, kile kipoza hewa. Pale palizungushiwa vipande vya chambre à air, mpira wa ndani wa tairi.

Wakuu, kwetu kila kitu kinafungwa na chambre à air: mzigo wa pikipiki, mguu wa kiti, hata geti. Jicho limezoea mpaka halioni tena. Ule mpira nilishaupita mara nyingi.

Ulishika vizuri mwanzoni, kisha joto la injini likaulegeza. Ukikanyaga mafuta unavimba, hewa inatoka.

Na fundo nililitambua. Paluku alilifunga mwenyewe kando ya barabara tukitoka Beni, safari yake ya mwisho.

Nikakaa na kisu mkononi, nimeshindwa. Nikafikiria hata kuzungusha mpira mwingine juu yake.

Masika akaja, nikamweleza. Akagusa lile fundo.

"Kata, shemeki. Alifungaka ile mupira juu gari ifike tu ku nyumba. Hapana juu ibakie."

Nikakata. Chini yake bomba lilikuwa limepasuka urefu wa kidole. Nikaweka bomba jipya na clamp mpya ya kulibana.

Jumamosi Masika alishika usukani, mimi pembeni. Kwenye mlima wa Masereka mshale ukapanda mpaka 0.8. Alizidi kukanyaga huku machozi yanamtoka. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Wajomba hawajaitisha kikao tena.

Nilichojifunza: usiizike turbo kabla ya kupima mabomba yakiwa na presha. Na kilichofungwa njiani, ukifika nyumbani kifungue utengeneze. Kwenye magari hilo nililijua siku nyingi; kwenye msiba amenifundisha Masika.

Wenzangu mnaotumia kila siku kitu alichoacha marehemu, kikiharibika mnakitengeneza, au mnakiacha kama mikono yake ilivyokiacha? Nawasoma.