Nyayo za Kijani

Dada yangu alikuwa anauza chai na chapati Makambako, mkabala na lango la zahanati, pale madereva wa malori wanaposimama kunyoosha miguu. Meko yalikuwa mawili: lake, na la jirani yake aliyetoka Manda, anayekaanga dagaa wa ziwani. Kutwa walitaniana na kuazimana mkaa. Mimi naishi Njombe, nashona nguo, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba dada anatumia dawa za virusi.

Zamani kuzichukua hakukumpa taabu. Zahanati ilikuwa na korido moja na benchi moja; mwenye malaria, mwenye jino, mwenye mtoto wa kupimwa uzito, wote mlango ule ule. Dada aliazima mtoto wa mpangaji mwenzake, akambeba mgongoni kwa kitenge, akapita zake. Nani angemuuliza? Vidonge alivimimina kwenye mfuko wa nailoni ili visisikike vikigongana kwenye chupa njiani. Aliniigizia ule mwendo wake wa mama mzazi, tukacheka mpaka machozi.

Kisha wakaja wataalamu na semina yao. Watu wengi, hasa wanaume, walikuwa wanafika langoni, wanaona haya kuuliza pa kupimia, wanageuza. Basi kikafunguliwa chumba cha peke yake kule nyuma, cha kupimia virusi na kutolea dawa zake, na kutoka langoni hadi mlangoni pake zikachorwa nyayo za kijani kwenye saruji. Muuguzi alimweleza dada huku anakunywa chai, amefurahi kweli: "Hatumlazimishi mtu. Tunamrahisishia tu, mguu wenyewe utafuata." Na madereva walifuata, siwezi kusema uongo. Dereva katoka Tunduma, nani anamjua? Anapimwa, anapanda lori lake, kwaheri.

Lakini sisi wa hapa je? Hao wataalamu waliwahi kukaa kwenye benchi la dada yangu wakasikiliza? "Heee, na huyu naye! Kumbe!" Ni wateja hao, chapati mkononi, macho langoni. Dada aliyasikia hayo kila siku huku anawamiminia chai, akajua siku atakayopita yeye atasemwa hivyo hivyo. Na aliyemwogopa kuliko wote ni yule jirani.

"Macho yake hayabanduki pale, mdogo wangu," aliniambia. "Akiniona tu, nimekwisha."

Nikamwambia ahamishie dawa zake Njombe. Eti ili ahamishwe, aingie kwanza chumba kile kile akaombe barua! Tukagombana kwenye simu mpaka nikakata. Kila nikimpigia jibu ni lile lile: "Nitaenda wiki ijayo."

Baridi ilipoingia ilimkuta hana kidonge hata kimoja. Akaanza kukohoa. Nilipomfuata Makambako alikuwa amekonda hivi kwamba nilimpandisha kwenye gari peke yangu, bila msaada wa mtu. Alifia hospitali, nimemshika mkono. Alichoniomba ni kimoja tu: "Waambie ni mapafu."

Nikawaambia ni mapafu.

Baada ya maziko nilikuwa naosha masufuria nyuma ya nyumba aliyopanga, jirani yule akaja akachutama kando yangu. Sikutaka hata kumtazama. Akafuta pua kwa khanga.

"Pole, mwaya," akasema. "Na mimi nakohoa, muda sasa. Mume wangu alikufa amekonda vibaya. Nataka nikapime, naogopa. Kila siku nilikuwa nakaa pale natazama zile nyayo, najiambia, nikimwona hata mmoja ninayemjua amepita, na mimi napita."

Nilitaka kumzaba kibao. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja anamwogopa mwenzake! Badala yake nililia, nikalia kwa sauti mpaka watu wa ndani wakatoka kuangalia. Siri ya marehemu sikuitoa, nilikuwa nimemwahidi.

Asubuhi yake nikamkuta kwenye jiko lake, nikamwambia, "Inuka twende. Natangulia mimi."

Tukavuka barabara. Watu waligeuka, na waligeuka kweli. Nikawakazia macho mpaka wakajifanya wanatafuta kitu mifukoni. Yeye alinishika kitenge kwa nyuma, asiachie. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ndefu, kumbe mara tumefika mlangoni, muuguzi anatukaribisha viti.

Ni mwendo mfupi, jamani. Hata siku ile niliyomfuata, dada angeuweza.