Vifaa vya Fakihi Kabatini

Shemeji yangu Fakihi ni mtu wa kujionyesha, na hili nalisema nikiwa na akili zangu timamu. Alimwoa mdogo wangu Zubeda mwaka wa themanini na mbili, na tangu hapo sijamwona akifanya jambo lisilo na mtazamaji. Akinunua samaki mkubwa, humbeba mkononi, mkia ukining'inia, akazunguka nusu ya Mwananyamala kabla ya kuingia kwake. Akipata dagaa, huwafunga kwenye gazeti na kupita njia ya uani.

Kazi yake ilikuwa kubeba mitungi ya hewa katika chuo kidogo cha kuzamia baharini kilichokuwa Kunduchi, nyuma ya hoteli. Miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, wageni walikuja kwa wingi, wakilipa fedha nzuri ili wakaangalie samaki wasiowala. Fakihi aliwabebea mitungi kutoka stoo hadi kwenye boti, kisha akairudisha ikiwa mitupu. Baada ya miaka minne, mwalimu wa chuo, Benson, Mngoni mmoja mtulivu aliyewahi kuwa askari, akampa mafunzo ya mwanzo ya kuzamia, naye akafaulu. Hilo silikatai. Waliomwona chini ya maji wanasema alikuwa mtu mwingine kabisa. Labda kwa sababu kule hakuna wa kumtazama.

Mwanzoni mwa tisini na nne mwenye chuo akatangaza kwamba atamlipia mfanyakazi mmoja mafunzo ya juu, yale ya kushuka mita thelathini. Atakayemaliza angekuwa kiongozi wa wageni, ashuke nao majini, asibebe tena mtungi wa mtu. Jina la kwanza lilikuwa la Fakihi. La pili, endapo Fakihi angeshindwa, lilikuwa la Vaileth, binti wa Tukuyu aliyeandikisha wageni pale mapokezi na kuzamia siku zake za mapumziko.

Mwenye akili angemshukuru Mungu akasubiri siku. Fakihi akataka kwanza anunue vifaa vyake mwenyewe.

Benson alimshauri mbele yangu, siku aliyopita nyumbani kwa kina Fakihi kunywa kahawa. "Nunua miwani ya kuzamia," alisema, "kwa sababu nyuso hazifanani, na isiyokukaa itaingiza maji. Ukipenda, nunua na mapezi ya miguuni. Hivyo vingine subiri. Jaketi la kuelea na mpira wa kupumulia chuo kinavyo, na tunavikagua. Ukishashuka mara tano sita huko chini ndipo utajua mwili wako unataka nini."

"Lakini mwalimu, mwenye vyake anavizoea," Fakihi akajibu. "Mita thelathini si mahali pa kuanza kupapasa kitufe kiko wapi."

Kwa maneno matupu hoja haikuwa mbaya, na Benson mwenyewe aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Ila avizoee kwa kuvitumia," akasema, akamalizia kahawa yake.

Ushauri uliingilia sikio hili ukatokea lile. Wiki mbili baadaye Fakihi akashuka Manzese kwa Adelard, muuza mitumba aliyekuwa na kila kitu kilichowahi kuachwa na meli, akarudi na jaketi, mpira wa kupumulia na mkanda wa vyuma vya kuzamishia. Adelard alimwapia kwamba ni vipya kutoka Ulaya. Jaketi lile lilikuwa la mtu wa kilo mia na ishirini. Fakihi, akishiba, ana hamsini na nane.

Na cherehani ya Zubeda ikaenda. Ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyowalisha miezi yote ambayo mshahara wa Kunduchi ulichelewa. Niliikuta pembe yake tupu, na alama nne za miguu ya chuma kwenye sakafu. Nilipomuuliza Zubeda kulikoni, alisema tu, "Yaache, dada." Nikajua amelazimishwa. Nilimchukia Fakihi siku ile kwa moyo wangu wote.

Sasa sikia alivyovitumia. Alitoa vikombe kwenye kabati la vioo pale sebuleni, akatandika vitambaa vya kufuma, akavipanga vifaa juu yake. Mgeni akija, kabla hajaulizwa habari za watoto, anaelekezwa kabatini. Benson alimtumia ujumbe mara mbili: vilete tuvijaribu kwenye bwawa la hoteli. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba anavitunza kwa ajili ya mafunzo. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huo, siwezi kuukana. Mimi mwenyewe nina sahani za maua nilizopewa harusini ambazo hazijawahi kuona wali. Lakini sahani haimpi mtu pumzi. Tena kila Ijumaa, akitoka msikitini, Fakihi alivipaka mafuta ya nazi mpira mmoja mmoja, ving'ae.

Siku ya mafunzo ilipofika, Zubeda aliniomba nimsindikize. Tukakaa kando ya bwawa la hoteli, sisi na hotipoti yetu ya maandazi. Benson alikuwa na utaratibu wake: hakuna anayepanda boti kabla ya kuvaa kila kitu na kuzama bwawani. Vaileth alikuwepo pia, miwani yake shingoni, maana aliambiwa akae tayari.

Fakihi akatoka amevaa. Jaketi lilimpwaya hadi mapajani, akawa kama mtoto ndani ya koti la babake. Akazama. Hata hesabu ya kumi haikutimia, akaibuka akikohoa, mpira wa kupumulia ukifoka hewa na kummwagia maji mdomoni. Benson akauchukua, akauminya, ukabonyea kama andazi bichi. Akaunusa.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya nazi."

Benson hakucheka, na mimi nikajizuia kwa shida. "Mafuta hayakai na hewa ya mtungi, Fakihi. Na mpira umeshaoza. Vua, kachukue vya chuo. Boti inaondoka baada ya dakika kumi."

Dakika kumi. Vifaa vizima vilikuwa vimetundikwa hatua ishirini kutoka pale alipokuwa amesimama. Zubeda alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma.

"Nina vyangu," Fakihi akasema. "Nitasubiri vitengenezwe."

"Nafasi haisubiri."

"Basi."

Boti ikaondoka na Vaileth, amevaa jaketi la chuo na miwani yake mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuwa kiongozi wa wageni, na aliyembebea mtungi hadi kwenye boti alikuwa Fakihi.

Niliposikia hilo nilikwenda kwao asubuhi na mapema, kwa nia moja tu, kumpasulia. Nikamkuta anavirudisha vile vitu kabatini.

"Fakihi, we mwanamume gani?" nikamwambia, hata sikukaa. "Nafasi iko mkononi, mwalimu anakupa vifaa vizima, unasema una vyako? Ungekufa ukivaa vya chuo siku moja?"

Alifunga kioo cha kabati taratibu. "Shem, umesahau harusi ya jirani yetu Lulu?"

"Harusi ya Lulu imefanyaje?"

"Nilikuja na ile picha niliyopigwa siku niliyofaulu. Nimevaa jaketi la chuo, namba saba kifuani. Ukaninyang'anya, ukasimama katikati ya turubai, ukawaonyesha watu. Ukasema, 'Mwoneni mume wa mdogo wangu, hata pumzi anaazima.'"

Nilikumbuka. Watu walicheka mpaka matarumbeta yakanyamaza, na mama mmoja akaja kunitunza noti kifuani.

"Ule ulikuwa utani," nikasema. "Utani wa shemeji na shemeji."

"Najua. Ila mpaka leo pale kijiweni naitwa Pumzi. Na shuleni wanangu ni watoto wa Pumzi. Ningevaaje tena jaketi lile, na wewe umekaa pale unatazama?"

Nikamgeukia Zubeda anitetee. Alikuwa amekaa mkekani, anapinda gauni la mteja kwa sindano ya mkono.

"Hakuniambia niuze cherehani, dada," akasema bila kuinua uso. "Niliuza mwenyewe. Hata Manzese tulikwenda wote. Nilitaka unyamaze."