Kilio cha Mama Ezra

Wageni wakija Ikolo kuuliza habari za majaruba yaliyorudishwa, tunawapeleka kwa Tusajigwe, Mama Ezra. Huwasimulia vizuri tu, lakini akifika kwenye siku aliyoachiwa kutoka mahabusu hunyamaza, nao hudhani amechoka. Hachoki yule. Yaliyobaki niyaseme mimi Kisa, jirani yake, maana aibu ni yangu.

Tajiri mmoja alipopewa majaruba yetu ya mpunga, wanaume wetu hodari walikimbilia kuandika barua. Tusajigwe akasema, "Shamba limekufa, tulilie." Basi wanawake arobaini tukajifunga vitambaa viunoni kama wafiwa, tukakaa chini barabarani, tukalia kutwa. Hatukurusha hata jiwe. Siku ya tatu polisi walikuja na virungu. Sisi tulitawanyika kama kuku, yeye hakuinuka. Alikaa mahabusu miezi minane kwa kuongoza mkusanyiko bila kibali.

Mwezi wake wa sita mle mahabusu, Ezra, mwanawe wa pekee, aliugua homa akafa. Mama aliomba ruhusa aje kuzika, akanyimwa. Tulizika sisi.

Kesi ikafutwa, majaruba yakarudi, naye akaachiwa bila sisi kupewa taarifa. Alifika mchana, peke yake. Kwetu, anayekuta maiti ameshazikwa huanza kulia tangu njiani, na wanawake hutoka mbio kumpokea, walie naye hadi kaburini. Tusajigwe alianzia darajani. Sauti ilikuwa ileile aliyotuongozea barabarani, tukadhani ameanza tena maandamano. Nilimvuta binti yangu Doreen ndani, nikatia komeo. Milango yote ikafungwa. Alipita katikati ya nyumba zetu akiita, "Ezra! Ezra, baba yangu!" Hapo nikaelewa. Nilielewa kabisa, na bado sikufungua. Niliogopa majirani wasinione niko peke yangu nje na yeye.

Jioni ndipo nilipokwenda. Nilimkuta ameketi kando ya kaburi, macho makavu, miguu ina vumbi hadi magotini.

"Pole, Mama Ezra. Sisi tulidhani..."

"Ndaga, mwenzangu," alinishukuru. "Umekuja."

Neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Nikapiga magoti, nikaanza kulia kwa sauti. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza, Mama Doreen. Utawatisha watu."