Majivu ya Jiko

Nilichoma matawi ya jumuiya nzima nikichoma mahindi. Acha niseme hivyo mapema, kabla hujaanza kunihurumia.

Kwetu Kangemi, matawi ya Jumapili ya Matawi hayatupwi. Yanakaa nyuma ya picha ukutani mwaka mzima, yakikauka na kukusanya vumbi, mpaka Kwaresma nyingine ibishe hodi. Hapo yanachomwa, na majivu yake ndiyo padri anayotupaka kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu. Mwaka huu kazi ya kuyakusanya ilimwangukia mama, mwenyekiti wa jumuiya. Akapita nyumba kwa nyumba na gunia. Shosho, bibi kizee jirani yetu, alimpa tawi lake kwa mikono miwili. Lilikuwa limekaa ukutani juu ya kitanda cha mumewe mpaka siku aliyofariki.

"Nataka nipakwe hilo," alisema.

Jumanne nilipotoka shule, mama akaniachia gunia. "Yachome kwenye sinia, polepole, peke yake. Kisha uchekeche na kichungi cha chai." Akarudi dukani kwake River Road.

Sasa, wewe umewahi kuwasha makaa yaliyolowa? Tawi kavu hushika moto kama limemwagiwa petroli, na rafiki yangu alikuwa amekuja na mahindi. Nikachukua tawi moja la kuwashia. Kisha lingine.

"Weka tu, bana. Majivu ni majivu," rafiki akasema, na mimi, mtumishi wa altare, nikaona hiyo ni teolojia safi kabisa.

Mahindi yalipoiva, gunia lilikuwa tupu. Nikachota majivu ya jiko. Yalikuwa meupe kama unga, basi nikakwangua masizi ya sufuria nikachanganya kwenye kopo. Mama alipofungua kopo alinisifu. Mimi nikaenda kuficha magunzi.

Jumatano jioni nikasimama kando ya padri, bakuli mkononi. Akatia maji kidogo, akakoroga kwa kidole gumba, foleni ikaanza. "Kumbuka u mavumbi." Mara nikaona anafuta kidole kwenye kanzu. Mara mwanakwaya mmoja anajikuna paji. Mwingine naye. Ndipo somo la kemia likanirudia: majivu ya makaa na maji, karatasi ya litmasi ikageuka bluu, na mwalimu akatuambia ndiyo sababu yanang'arisha sufuria na kuchubua mikono.

Shosho alikuwa wa nne kwenye foleni. Mama alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko.

Wa tatu. Nikaomba, Bwana, zima stima. Wa pili. Taa zote ziliwaka vizuri kuliko Krismasi.

Shosho akafika, akarudisha kitambaa nyuma, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inataja jina la mumewe. Padri akanyoosha kidole. Nikavuta bakuli.

"Lete," akanong'ona.

"Padri, yanawasha."

"Kijana, lete hapa."

"Si ya matawi. Ni ya jiko. Nilichoma mahindi."

Nilikuwa nimesahau kwamba padri amevaa maikrofoni. Kanisa zima lilisikia habari za mahindi. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Shosho akafumbua macho, na wala hakunitazama mimi. Alitazama bakuli.

"Na lake?" akauliza.

"Limo, shosho. Pamoja na makaa. Na masizi."

Akarudisha kitambaa mbele, akageuka. Mama akamsindikiza hadi kwenye benchi bila kumwachia kiwiko. Padri akawaambia waliopakwa wakanawe, na sisi wengine tukamaliza misa na mapaji matupu.

Njia nzima mama alitembea mbele yangu. Ningependa anichape kwa ndara, kusema kweli. Ndara unajua inaanzia wapi na inaishia wapi. Tulipofika alitoa tawi lake mwenyewe nyuma ya picha. Kumbe hakuwa amelitia guniani. Akalichoma kwenye sinia, polepole, peke yake. Akachekecha na kichungi cha chai. Yalitoka majivu meusi, machache, ya kujaza kifuniko cha soda. Akayaweka kwenye kisahani, akanipa, kisha akasema:

"Lake umelila na mahindi, hilo halirudi. Mpelekee langu. Upige magoti kabla hujabisha hodi, na ukirudi sufuria zinakungoja. Majivu unayo."