Guangzhou Haina Gare Moja

Nakumbuka siku moja kule Guangzhou, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ku China. Unajua desturi yetu batu ba biashara ba Butembo: mwenye kuzoea anatangulia, bageni banafuata, na bintu bya wote binaingia container moja. Ile container ilikuwa Yiwu, ilipaswa kufungwa mangaribi ile. Biatu byangu bya masomo bilikuwa pale ku depo, binaningoja nifike nimalize kulipa njo bapakie, na bamama ba mutaa wa Beu, kule Beni, benye kuniagiza, balikuwa banabingojea mbele ya batoto kuanza masomo.

Kiongozi wetu alikuwa Papa Kasereka, kaka mukubwa wa bwana yangu. Yeye alitangulia Yiwu. Mbele aondoke, nilimuuliza nitafika namna gani ku gare, kituo cha treni ya Yiwu. Akacheka, akasema gare ni gare, niambie tu mutu wa taxi.

Nikaamini. Kwetu treni hakuna. Ukisema parking ya magari ya Beni, motard yeyote anakufikisha na pikipiki yake. Ningejua wapi kama muji mumoja unaweza kuwa na gare nyingi?

Taxi ikanishusha ku gare ya katikati ya muji. Mulinzi akaangalia billet, tiketi yangu ya treni, akatikisa kichwa. Musichana mumoja akanitafsiria na simu yake: treni yangu inatokea gare ya Kusini, na ni mbali. Nikaingia métro, treni ya chini ya muji, nikakimbia na valizi kama mwizi. Nilifika, mulango umekwisha kufungwa, na treni ingine ya kunifikisha Yiwu mbele ya mangaribi haikubaki.

Nikamupigia Papa Kasereka simu. Sikiliza jibu lake, mwanangu.

"Mimi pia nilipoteaka mara ya kwanza. Kila mutu anajifunza peke yake."

Banasema penye bazee hapaharibike neno. Siku ile liliharibika, na muzee alijua! Alinyamaza juu yeye pia aliteseka. Container ikaenda bila biatu byangu. Bilifika Beu na container ingine, batoto bako tayari ku masomo, bengine na kambambili ku miguu, na mama mumoja akaniita muongo katikati ya soko.

Mwaka huu binti ya Papa Kasereka alikuja kwangu. Anaenda China, na baba yake amemutuma: nenda kwa mama yako mudogo, yeye anajua mambo ya gare. Ule baba, bila haya! Nilitaka kumurudisha pale pale ku mulango. Lakini nikamukalisha, nikamuelezea yote.

"Hasira yangu ni ya baba yako," nikamuambia. "Njia ni yako."

Basi na wewe, mwanangu, mwenye unaenda China sasa, kutangulia si kufika. Usikubali mutu akuambie gare ni gare. Angalia jina lote ku billet, kama ni Kusini, Mashariki ao Kaskazini, mutu wa hoteli amuonyeshe mwenye taxi, na utoke mapema. Ukirudi, usimufiche mwenye kukufuata shimo lenye wewe ulianguka ndani. Ukimuficha, nitakukasirikia vilevile. Mungu akutangulie, akufikishe, akurudishe Butembo muzima, na mudomo wako ukuwe wazi kwa benye kukuuliza njia.