Mama Mkwe na Kifaru Kichafu

Tunapanga chumba na sebule hapa Moshi mjini. Sebuleni mna kochi, meza, friji na jeshi langu: vifaru na malori ya kivita ya plastiki, madogo ya kutosha kiganjani, ninayoyaunganisha kwa gundi na kuyapaka rangi. Mke wangu hajawahi kuelewa mtu mzima anapata nini hapo. Nami sijawahi kumweleza vizuri, maana nikianza kueleza napandisha sauti.

Alipojifungua, mama yake alishuka kutoka Masama kuja kumhudumia mzazi: mtori, supu, maji ya moto, kumwogesha mtoto. Bila yeye tungeaibika. Nikalipakia jeshi kwenye boksi, nikabakiza mezani kifaru kimoja nilichokaribia kukimaliza.

Kukimaliza ni kukichafua. Kifaru kipya kinaonekana cha kitoto mpaka ukipake kutu, vumbi, masizi kwenye bomba na matope kwenye minyororo. Kazi hiyo niliifanya kwa kibrashi chembamba, nimebana pumzi, mtoto akinililia sikioni.

Siku moja nilirudi kazini nikakikuta uani, kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya sufuria. Kinang'aa. Mzinga wake ulikuwa umebaki kwenye beseni.

"Baba, lile dude lilikuwa na uchafu wa ajabu," mama mkwe alisema. "Na humu ndani mna mtoto. Nimelisugua kwa dodoki."

Mkwe hajibiwi. Nikasema, "Asante, mama," nikaingia ndani kununa. Akaniletea mtori, nikasema nimeshiba. Kesho yake nikashiba tena. Nilijua kabisa kwamba kukataa chakula cha mkwe ni tusi, lakini hasira zilikuwa hazijaisha.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta anafunga khanga zake kwenye mfuko. Mke wangu analia. "Nimemweleza mama kwa nini umenuna," akaniambia. "Akiondoka, mtoto utamwogesha wewe na jeshi lako."

Hapo nikaishiwa ujanja. Nikatoka kwenda kwenye uzio wa jirani kuchuma isale. Kwetu, ukimpelekea mtu uliyemkosea jani hilo, hawezi kukataa kukusamehe. Nimelishika, nageuka, namwona mama mkwe hatua chache pembeni, naye ana isale mkononi. Alikuwa amekuja kunichumia mimi.

Tulitazamana kama wezi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mama," akaitikia, kisha akanipa lake nami nikampa langu. 

"Kwa hiyo ule uchafu uliupaka mwenyewe," akasema. "Kwa makusudi."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu alijua haya kabla hujamwoa?"

"Hakujua, mama."

Akarudi ndani, akafungua mfuko, akatoa khanga zote. Alisema hawezi kumwacha mwanawe peke yake na mtu wa namna hii.