Kochi Jekundu la Dairekta

Binti huyu hupiga picha za harusi, lakini mtaani tunamwita Dairekta. Alikuja dukani kwangu kuomba kochi kuukuu jekundu, arekodi filamu ya vijana wa mjini wasio na mbele wala nyuma. Tukapatana: alitumie hapo hapo barazani, ila akitokea mnunuzi, biashara kwanza.

Filamu ilipofika nusu, mnunuzi akatokea. Dairekta alikuwa harusini, na waigizaji wake, aliowaokota kijiweni, walikuwa wamejilaza kochini.

"Wanangu, inukeni, kochi limepata mwenyewe."

"Mzee, Dairekta katwambia tusijitikise mpaka arudi," mmoja akajibu, macho kayafumba.

Nilibembeleza, nikafoka, wapi! Mnunuzi akasonya, akaenda zake.

Dairekta alisikia habari nusunusu kwamba kochi limepata mnunuzi, akaja mbio huku akihema. Alipoliona kochi, akajitupa juu ya waigizaji wake wote akicheka.

"Baba, ungeliuza ningeanza upya, na nguvu hizo sina!"

"Washukuru wavivu wako."

Filamu yake ikakamilika. Mimi nilipoteza mnunuzi, nikabaki na kochi lenye bonde katikati. Ila walioiona filamu wanakuja kuliulizia, na bei nimeshaipandisha.